Kutambua Sauti Ziliazo Pamoja katika Nyimbo za Wasukuma Zilizonaswa

Katika nchi ya Bariadi, na katika wilaya nyingine za mkoa wa Simiyu, yaani Itilima, Maswa, Meatu na Busega, waalimu wa kwaya wazichukuapo nyimbo za asili zilizonaswa katika kanda au katika simu, ili wazitie kinanda na sauti nne zipate kuimbwa kanisani, hukutana na swali moja tangu mwanzo: ni sauti zipi hasa ziliazo pamoja katika wimbo huu? Mafungu hayo ya sauti wapiga gitaa huyaita kodi. Njia za kuyatambua ni mbili, sikio na programu ya kompyuta. Twataka kueleza kila njia yafaa kwa kazi gani, na ni wapi ipotezapo. Maana katika lugha kama Kisukuma, akoseaye kodi aweza kuyaharibu hata maneno.

Kwanza tutazame programu ifanyavyo kazi. Haisikii wimbo kama mtu asikiavyo. Huikata sauti vipande vidogo vidogo, kisha kwa hesabu itokanayo na kazi ya Mfaransa Joseph Fourier, aliyeitoa katika kitabu chake cha mwaka 1822, huitenga mitikisiko yote iliyomo katika kila kipande. Mitikisiko hiyo huigawa katika visanduku 12, kimoja kwa kila nusu toni ya kinanda, sauti nene na nyembamba za jina moja zikitiwa pamoja. Mwisho huvilinganisha visanduku vilivyojaa na vielelezo vya kodi ilivyopewa, nayo hutaja jina la kielelezo kilicho karibu zaidi.

Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni huu: hakuna sauti ya mtu iliyo moja tu. Mwanamume aimbapo sauti yenye mitikisiko 110 kwa sekunde, koo lake hutoa pia 220, 330, 440, na 550. Ukiziandika hizo kwa majina ya kinanda, utapata A, A, E, A, na C iliyopandishwa nusu toni. Yaani kodi kamili ya A kubwa, hali aliyeimba ni mtu mmoja peke yake. Watengenezaji wa programu walijua jambo hili, na baadhi yao, kama wale wa Chordino itumikayo ndani ya Sonic Visualiser, wametia hesabu ya kulipunguza. Hata hivyo halikomi kabisa, hasa penye kishindo cha ngoma na vigelegele.

Mtego wa pili ni vile visanduku 12. Mwingereza Alexander Ellis, katika kazi yake ya mwaka 1885, aliigawa oktavu katika sehemu 1200, akapima ngazi za muziki za mataifa mengi, akaona kwamba hazilingani. Nusu toni ya kinanda ni sehemu 100. Tatu ndogo ya kinanda ni 300, tatu kubwa ni 400. Lakini waimbaji wasioshikwa na kinanda waweza kuimba 350 pasipo kosa lolote. Programu haina kisanduku cha 350. Itaisukuma sauti hiyo upande mmoja, na kutangaza kodi ndogo au kubwa mahali ambapo wenye wimbo hawajui tofauti hiyo.

Mtu asidhani kwamba sikio limeepukana na hatari hiyo. Sikio la mwalimu aliyelelewa na kinanda lina visanduku 12 vile vile, nalo lina sheria juu yake. Sheria moja iliyofundishwa sana katika vyuo vya Ulaya ni kwamba sauti mbili zisifuatane kwa umbali wa tano, hatua kwa hatua. Moja ikipanda, yafaa nyingine ishuke au itulie. Lakini kufuatana kwa nne au kwa tano ndiyo desturi iliyosikika zamani kwa Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi. Erich von Hornbostel wa Berlin aliandika juu ya nyimbo za Wanyamwezi katika gazeti la wamisionari liitwalo Anthropos, mwaka 1909, akaufananisha uimbaji huo na ule wa watawa wa Ulaya katika karne za kati, ambao nao waliimba sambamba kwa nne na kwa tano. Basi Kanisa lenyewe lilipata kuimba hivyo kabla sheria ile haijatungwa.

Tena uimbaji huu wapatana na lugha. Kisukuma ni lugha ya vimo vya sauti: silabi ikipandishwa au kushushwa, maana yaweza kugeuka. Tena kina tabia ya ajabu, iliyoelezwa na Irvine Richardson katika kitabu chake cha mwaka 1959, kwamba kimo cha juu kitokacho katika silabi fulani husikika silabi mbili mbele yake. Kwa hiyo asiyekizoea hawezi kukisia kwa kutazama maandishi tu. Sauti mbili zikipanda na kushuka pamoja, kila mwimbaji hulitamka neno kwa umbo lake. Lakini mwalimu akimwambia mwimbaji wa sauti ya pili ashuke pale wa kwanza anapopanda, neno husimama vema kinywani mwa mmoja, na kupinduka kinywani mwa mwingine. Wazee wakisema, "Hatusikii wanachoimba," si lazima masikio yao yawe mabovu.

Basi afanyeje mwalimu? Kwanza ahakikishe mwendo wa kanda, maana kanda ikizunguka upesi kwa sehemu 6 katika 100, wimbo wote hupanda karibu nusu toni, na kila jina la kodi litakuwa si lake. Kisha atumie programu kwa kazi iziwezazo vizuri: kupunguza mwendo pasipo kushusha kimo, kurudia kipande kimoja mara nyingi, na kupima umbali baina ya sauti mbili. Kwa hayo hata Audacity, ipatikanayo bure, yatosha. Majina ya kodi yatolewayo na programu ayachukue kuwa neno la shahidi mmoja, asiyatie katika kitabu.

Baadaye asikilize kwa sikio. Atafute sauti ambayo wimbo huipumzikia mwisho wa kila ubeti. Aorodheshe sauti zote zitumikazo, toka chini hata juu. Nyingi ya nyimbo hizi zina tano tu katika oktavu. Atenge sauti ya ningi, yaani mtunzi aongozaye, na ile ya waitikiaji. Afuate sauti ya chini peke yake mpaka mwisho, ndipo ya juu, na ndipo aandike umbali baina yao. Alichoandika akiimbe mbele ya watu wajuao wimbo, wala asiwaulize kama ni kizuri. Awaombe wayarudie maneno waliyoyasikia. Yakirudi vile vile, kazi ni sahihi. Yakigeuka, na arekebishe sauti, si maneno.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake, na wamisionari wafundishwe kuukuza. Heshima hiyo haitimizwi kwa kuchukua mwendo wa wimbo na kuufunika kwa kodi tatu za gitaa. Penye wimbo wa sauti mbili zifuatanazo, kinanda kipige sauti hizo mbili, au kinyamaze.