Ajali Haina Kinga, Lakini Uzembe Je?

Wahenga walitwambia kuwa ajali haina kinga. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao "ajal" ni muda aliokadiriwa mja kuishi duniani. Muda huo, naam, hauna kinga. Lakini mimi naona tumelitandaza neno hilo hata likafunika gurudumu lenye kipara na dereva asiyelala.

Hebu tuitazame tarikhi ya matatu. Jina lenyewe latokana na senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi, iliyokuwa nauli yake Nairobi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu. Riziki zikafunguka na wanyonge wakapata usafiri, lakini ukaguzi haukwenda sambamba na wingi wa magari. Sheria ya kuzitambua na kuzidai leseni ilikuja mwaka 1984, baada ya miaka kumi na mmoja.

Kisha zikaja kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza tarehe 1 Februari 2004: mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, na sare kwa dereva na makanga. Mwezi Agosti 2013 basi lilipinduka usiku huko Ntulele, Narok, watu 41 wakafa. Desemba mwaka huo huo mabasi yasiyo na kibali yakakatazwa kusafiri usiku.

Je, msomaji, huoni kuwa aghalabu jeneza hutangulia, sheria ikafuata nyuma?

Na sheria ikishafika, sisi abiria twaifanyaje? Safari moja ya Malindi nilimsikia makanga akisema, "Fungeni mikanda, askari wako mbele." Tulipokivuka kizuizi, mikanda ikafunguliwa kiti baada ya kiti. Kumbe mkanda ule ulikuwa wa askari, haukuwa wa roho zao.

Dua ya safari twaisoma, na ni wajibu wetu kumtegemea Mola. Lakini ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akatawakali. Sisi watu wa pwani twasifika kwa adabu, basi si utovu wa adabu mzee kumwambia dereva, "Mwanangu, punguza mwendo, wangu wananingoja." Anyamazaye gari likienda mbio asije kesho matangani akasema ajali haina kinga.