Hogger Hafi

Swali linaloulizwa kila kukicha ni hili: niingie seva gani ya World of Warcraft nikute watu wanaoigiza uhusika kwa dhati? Anayeuliza ameshakubali kwamba herufi "RP" (roleplay, yaani kuigiza uhusika) kwenye orodha ya seva huzaa uigizaji. Hazizai. Seva hizo zina kanuni zake za majina, lakini mchezo ni uleule uliotoka mwaka 2004. Mtazame Hogger, lile jitu lenye sura ya fisi linalotafutwa katika msitu wa Elwynn. Katika toleo la awali la mchezo, unamuua, unapeleka ukucha wake kwa mkuu wa askari, unalipwa. Dakika chache baadaye Hogger yupo palepale, na mchezaji anayefuata anapewa kazi ileile kwa maneno yaleyale. Mhusika wako anaweza kuapa kisasi, kusamehe, hata kumwasi mfalme. Dunia ya mchezo haina pa kuliweka neno lake. Inapima ngazi, silaha na kasi, basi. Kuiongezea kanuni za majina na lugha ni kumvika mtu joho ukadai amekuwa hakimu.

Utasikia kwamba tatizo ni wachezaji: watoto, wakorofi, hawataki kuigiza. Ushahidi unakataa. Katika mchezo wa mtandaoni wa Star Wars Galaxies wa mwaka 2003, uchovu wa vita uliondolewa na wachezaji wenzako waliochagua kazi ya kucheza ngoma na kupiga muziki. Mpiganaji alilazimika kukaa baa akiwatazama, na watu wakikaa pamoja huzungumza. Novemba 2005 mfumo wa kazi ukafumuliwa kwa kupendelea mapigano, na wengi waliokuwa wakiishi humo wakahama. Hata Grand Theft Auto V, mchezo wa bunduki na magari ya wizi, una seva za FiveM, mfumo wa nyongeza juu ya mchezo huo, ambako watu huwa polisi, madereva teksi na mafundi gereji kwa miezi. Huko mhusika akikamatwa anafungwa, na anayejirusha kwenye risasi kana kwamba hana roho huitwa na wasimamizi. Kinachowabadilisha wachezaji ni tendo kuwa na gharama.

Kwa hiyo, chagua seva inayokusaili kabla ya kukupokea. Au tafuta seva ndogo za mchezo wa Neverwinter Nights, ambazo msimamizi anaweza kuongoza hadithi papo hapo. Au kusanyeni watu watano, kete na simu ya video, muigize hadithi yenu wenyewe.