Mwalimu wa urubani naye anapimwa
Watu wa Bisie wanakumbuka ndege ndogo zilizotua Kilambo, katika barabara ya lami, kubeba kasiteriti mpaka Goma. Rubani yeyote hufundishwa na mwalimu, na mwalimu naye hupita mtihani. Kwanza anaulizwa maswali chini. Kisha angani anakaa kiti cha kuume. Mpimaji anakaa kushoto, anajifanya mwanafunzi, anakosea makusudi. Mwalimu aendeshe huku anaeleza. Moyo unapiga, mikono inatoka jasho. Dawa yake? Kurudilia somo kwa sauti siku nyingi mbele ya mtihani, kulala vizuri, kupumua polepole. Akikosea, aseme wazi, arekebishe, aendelee. Mpimaji anataka mtu anayeona kosa mapema. Kwenye lami nyembamba kama ya Kilambo, kuchelewa kidogo tu ni hatari.