Vyuo vya jeshi Marekani: Miguu hufungua mlango, mkataba hufuata nyuma

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa familia zilizorejea nyumbani kutoka ukimbizini, si chache zilizoacha Marekani mtoto, mpwa au binamu anayesoma sekondari. Kijana huyo akianza kung'ara katika mbio, mieleka au mpira wa kikapu, huenda siku moja simu ikapigwa: kocha wa chuo cha jeshi amemwona na anamtaka. Chuo ni bure. Na kama alama zake za darasani hazitoshi, atapelekwa kwanza mwaka mmoja katika shule ya maandalizi.

Huku nyumbani wazee hukaa na kuulizana: hii ni neema au ni mtego?

Ni neema, lakini ina mkataba. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufundishwa kwamba mzigo unaotolewa bure una ushuru wake mbele ya safari. Ushuru huo ndio unaopaswa kujulikana mapema.

Kocha anaweza nini?

Marekani ina vyuo vitatu vikubwa vya kufundisha maofisa wa jeshi. West Point, katika jimbo la New York, kilianzishwa mwaka 1802 kwa ajili ya jeshi la nchi kavu. Annapolis, Maryland, ni cha jeshi la wanamaji na kilianza mwaka 1845. Cha jeshi la anga kiko Colorado na kilianzishwa mwaka 1954. Wasichana walianza kupokelewa katika vyuo vyote vitatu mwaka 1976. Masomo ni miaka 4, na mwanafunzi halipii ada, chakula wala malazi. Isitoshe, kila mwezi hupewa posho.

Kwa kuwa kila mwanafunzi anasomeshwa na serikali, hakuna ufadhili maalum wa wanamichezo kama ilivyo katika vyuo vingine vya nchi hiyo. Jambo hili lina faida kubwa: kijana akiacha timu, nafasi yake ya masomo haiondoki kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, neno la kocha si barua ya kukubaliwa. Kocha humwombea kijana mbele ya ofisi ya udahili, lakini ofisi ndiyo inayoamua. Aidha, kijana lazima jina lake lipendekezwe, kwa kawaida na mbunge au seneta wa jimbo lake. Kila mmoja wa viongozi hao anaruhusiwa kuwa na wanafunzi 5 tu kwa wakati mmoja katika kila chuo. Kisha kuna uchunguzi wa afya, na mtihani wa nguvu ambao ndani yake kuna kujivuta kwenye chuma, kurusha mpira wa kikapu huku umepiga magoti, na kukimbia maili moja.

Mwaka wa maandalizi

Kila kimoja cha vyuo hivyo kina shule yake ya maandalizi. Ya wanamaji iko Newport, Rhode Island. Ya jeshi la anga iko katika eneo la chuo chenyewe huko Colorado. Ya jeshi la nchi kavu ilihamia West Point mwaka 2011 kutoka New Jersey. Kozi huchukua takriban miezi 10: hisabati, Kiingereza na sayansi, pamoja na kwata na michezo. Mwanafunzi huvaa sare na hulipwa.

Asili ya shule hizi ni kuwasaidia askari wa kawaida wanaotaka kuwa maofisa. Leo askari hao hukaa dawati moja na wanamichezo walioletwa na makocha, pamoja na vijana wenye akili waliotoka katika shule dhaifu. Wapo wanaolalamika kwamba wachezaji wanachukua nafasi za askari. Mwaka 2003 wakaguzi wa Bunge la Marekani walizichunguza shule hizo na kutaka malengo yao yaelezwe wazi zaidi.

Kwa mtoto wa mkimbizi aliyeanza Kiingereza akiwa mkubwa, mwaka huu unaweza kuwa daraja la kweli. Lakini kwa kawaida haombi shule hiyo moja kwa moja. Huomba chuo, na chuo ndicho humpeleka huko kikiona anafaa ila hajaiva. Kumaliza maandalizi nako hakumpi uhakika. Ni lazima afaulu ndipo apandishwe.

Deni

Anayehitimu chuo hulitumikia jeshi si chini ya miaka 5. Katika miaka miwili ya kwanza anaweza kuondoka bila deni hilo. Akishaanza mwaka wa tatu, akiacha anaweza kuamriwa atumikie kama askari wa kawaida au arudishe gharama.

Hata nyota hawakusamehewa. Roger Staubach, ambaye kabla ya Annapolis alipitishwa mwaka mmoja katika chuo cha kijeshi cha New Mexico, alitwaa tuzo ya Heisman mwaka 1963. Alitumikia jeshi, Vietnam ikiwemo, na akaanza kuichezea Dallas Cowboys mwaka 1969. David Robinson wa mpira wa kikapu alichaguliwa na San Antonio Spurs mwaka 1987, lakini alivaa jezi yao mwaka 1989 baada ya kulitumikia jeshi la wanamaji. Kanuni za kuwaachia wachezaji mapema zimebadilika mara kadhaa tangu hapo. Mzazi asizitegemee.

Uraia kwanza

Hapa ndipo wengi hukwama. Kadi ya kijani haitoshi. Kijana lazima awe raia wa Marekani siku ya kuingia chuoni. Aliyezaliwa kule ni raia, hata kama amerudi na wazazi wake. Mwenye kadi ambaye hajafika miaka 18, akiishi kule na mzazi wake aliyepata uraia, naye huwa raia kwa sheria. Asiye na uraia anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, aombe uraia akiwa jeshini, kisha aombe chuo, kwani zipo nafasi zilizotengewa askari.

Mkenya Paul Chelimo alijiunga na jeshi hilo mwaka 2014, akapata uraia, na mwaka 2016 akailetea Marekani medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Rio. Hakupitia chuo cha maofisa. Aidha, mpango maalum aliojiungia, wa wageni wasio na kadi ya kijani, ulisitishwa mwaka 2016.

Kwa kijana aliye huku na asiye raia kuna njia moja. Kila chuo kinaweza kuwa na wanafunzi wa nchi za nje hadi 60 kwa wakati mmoja. Hao hupendekezwa na serikali zao kupitia ubalozi wa Marekani, na wakihitimu hurudi kulitumikia jeshi la nchi yao.

Hakuna ada ya maombi katika vyuo hivi vitatu. Kwa hiyo anayekutoza dola mpakani kwa "fomu ya West Point" anakuibia. Na kijana akipiga simu kwamba kocha amemwita, aulizwe mambo manne kabla ya kupongezwa: uraia wake uko wapi, nani atampendekeza, anapelekwa chuoni au maandalizi, na je, yuko tayari kuwa askari hata siku atakapoacha kukimbia?