Zambarau, Urujuani na Vazi la Mfalme: Tatizo la Fasiri katika Migori na Homa Bay

Rangi iliyo kati ya nyekundu na buluu ina majina mawili katika Kiswahili: zambarau na urujuani. Mara nyingi moja huelezwa kwa jingine, kana kwamba ni visawe vitupu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hayakutoka njia moja, na kwamba tofauti yao huwa na uzito kila maandishi yahusuyo watawala wa kale yanapofasiriwa. Mfano umechukuliwa Migori na Homa Bay, ambako wasomaji wengi wa Kiswahili walianza na Kiluo, Kisuba au Kikuria.

Zambarau ni tunda kwanza, rangi baadaye. Mzambarau asili yake ni Asia ya Kusini, na Waluo huliita tunda lake jamna, neno ambalo halikujitenga mbali na jamun ya Kihindi. Mtoto wa Kendu Bay au Awendo huijua rangi hiyo ulimini mwake kabla ya kuikuta kitabuni. Ni rangi ya bure, ya yeyote awezaye kupanda mti. Na ikidondokea shati la shule, huwa ni doa la kugombezewa. Hakuna lolote katika neno hili limkumbushalo msemaji ufalme.

Urujuani ni neno la ukoo mwingine kabisa. Limetoka katika Kiarabu, urjuwan, nacho Kiarabu kimelipata katika jamii ya maneno ya kale sana ya Mashariki ya Kati: argamannu ya Kiakadi na argaman ya Kiebrania, yote yakitaja sufu au nguo iliyotiwa rangi hiyo. Lenye kuvutia zaidi ni kwamba katika maandishi ya Ugarit neno la jamii hii lilitumika pia kwa maana ya kodi apewayo mkuu, na Kihiti nacho kina arkamma, yaani kodi ya watawaliwa kwa mtawala. Hivyo basi, zamani hizo rangi na utiifu vilikaa katika neno moja. Kiswahili kimerithi neno lakini hakikurithi kumbukumbu yake. Darasani urujuani ni rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, basi.

Thamani ya rangi yenyewe ilitokana na uzito wa kuipata. Mafundi wa Tiro na Sidoni waliitoa katika tezi ndogo ya konokono wa baharini. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu. Katika amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301, ratili moja ya hariri iliyotiwa rangi hiyo iliwekewa bei ya dinari 150,000. Ughali ulitangulia, sheria ikafuata. Nero alipiga marufuku uuzaji wa aina zake bora, na mwaka 424 sheria ya Theodosius wa Pili iliwaamuru raia kuyasalimisha mavazi yao ya rangi hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya Kaisari na nyumba yake peke yake. Huko Bizanti mwana aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kitini aliitwa mzaliwa wa urujuani.

Turejee sasa kwenye fasiri. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, hutumia neno zambarau kwa vazi ambalo askari walimvika Yesu katika Marko na Yohana. (Mathayo yeye husema vazi jekundu.) Kisa kizima ni dhihaka: mtu anavikwa rangi ya Kaisari ili achekwe kwa kudai ufalme. Msomaji wa Rongo ambaye zambarau kwake ni jamna huona rangi, lakini haoni dhihaka. Anapata taji na salamu za askari, ila vazi humpita likiwa nguo tu. Hata kwa sura ya rangi fasiri hii ina upungufu, maana Pliny aliusifu urujuani bora wa Tiro kwa kufanana na damu iliyoganda, jambo lisilolingana sana na tunda hilo.

Je, mwalimu wa huko ana kitu cha karibu cha kulinganishia? Kwa upande wa Waluo, kukitafuta katika rangi ni kazi bure. Rachar, rateng' na makwar, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu, ni maneno ya ng'ombe, ya nguo na ya watu wote. Heshima ya mtu ilionekana katika vitu vilivyotoka mwituni: manyoya ya mbuni katika kilemba kiitwacho kondo, na ngozi ya chui, kwach. Si kila ndege wala kila mnyama aliyepatikana kwa urahisi, na hapo ndipo palipokuwa na ukubwa.

Kwa upande wa Wasuba, mlango uko wazi zaidi. Mapokeo ya Rusinga na Mfangano, ambayo Henry Okello Ayot aliyashughulikia katika kitabu chake cha mwaka 1979, hueleza kwamba sehemu ya wazee wao walivuka ziwa kutoka pande za Buganda. Huko Buganda nguo ya gome la mti wa mutuba, kazi ya mafundi wa kifalme wa ukoo wa Ngonge, kwa kawaida huwa na rangi ya chungu kilichochomwa; bali ya wafalme na machifu hutiwa weupe au weusi, tena huvaliwa kwa namna yake. UNESCO iliitangaza sanaa hii kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mfano huu una faida moja ambayo Tiro haina: weupe na weusi si rangi adimu. Kinachomtenga mfalme ni ruhusa, wala si bei. Mwanafunzi akishalielewa hilo, hataona ajabu kwamba raia wa mwaka 424 alinyang'anywa joho lake mwenyewe.

Huenda ikasemwa kwamba urujuani ni neno la vitabuni, na kwamba mfasiri hufanya vyema kuchagua lijulikanalo. Hoja hiyo ina nguvu kwa rangi ya ukuta au ya kitambaa. Tangu William Perkin alipovumbua rangi ya zambarau ya kemikali mwaka 1856, nguo ya namna hiyo imeshuka bei hata ikapatikana katika soko lolote la Homa Bay, na kwa nguo hiyo zambarau ndilo jina lake halisi. Lakini panapokusudiwa rangi ya Makaisari, ugeni wa neno urujuani si hasara: humlazimu msomaji kuuliza. Ingefaa watunga kamusi walipe neno hilo kidahizo chenye maana mbili, ya kwanza ikiwa rangi ya konokono wa Tiro iliyokuwa ya watawala, na ya pili rangi ya upinde wa mvua. Na zambarau iachiwe tunda lake na kila kifananacho nalo.