Ekzosi Mpya, Mlima Uleule

Desemba ikifika, barabara ya Chalinze kuja Segera hadi Moshi hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi, na gereji za hapa hupata mteja wa aina moja. Ni kijana (na wazee pia, tusidanganyane) mwenye Subaru au Altezza, analalamika kwamba gari lililokuwa likiruka Dar es Salaam limekuwa zito, na likianza kupanda Marangu ndiyo basi kabisa. Mara nyingi anakuja ameshapata mshauri. Ameambiwa injini imebanwa, atoe ekzosi iliyokuja na gari, afunge ile ya michezo ya kiwandani yenye nembo ya STI (ya Subaru) au TRD (ya Toyota), na nguvu iliyopotea itarudi.

Hairudi kwa njia hiyo. Ekzosi nzuri ya kiwandani ina faida zake, na nitazieleza, lakini kilichopotea kati ya Dar na Marangu hakikupotelea kwenye bomba la nyuma. Kimepotelea mbele, pale injini inapovuta hewa.

Dar iko usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi. Moshi mjini, kati ya mita 800 na 900, umeshuka hadi karibu 91. Lango la Marangu, wanapojiandikishia wapanda Mlima Kilimanjaro, liko karibu mita 1,850, na hapo zimebaki 81. Kwa maneno mengine, mjini una asilimia 90 ya hewa ya Dar, na langoni asilimia 80. Injini isiyo na turbo haina ujanja wa kufidia pengo hilo: hewa ikipungua, petroli inayoweza kuungua nayo inapungua. Altezza RS200 ya gia za mkono, yenye injini ya 3S-GE, iliuzwa Japani ikiwa na nguvu za farasi 210. Kwa hesabu ya haraka, Moshi mjini inabaki na farasi 190, na langoni Marangu 170 hivi. Ubaridi wa juu husaidia kidogo kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito zaidi, ila haufidii yote.

Sasa weka sailensa ya TRD kwenye hiyo Altezza. Sailensa ya michezo inayoanza baada ya masega (kile kifaa cha kusafisha sumu ya moshi) na kuishia nyuma, kwenye injini isiyo na turbo, huongeza farasi wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, au miwili ukibahatika. Tena farasi hao wako juu kabisa, mshale wa mizunguko ukikaribia eneo jekundu, kwa sababu upinzani wa bomba hukua haraka kuliko mtiririko wenyewe. Gesi inayopita ikiongezeka mara mbili, upinzani huongezeka karibu mara nne, kwa hiyo bomba la kawaida halianzi kuibana injini mpaka uikanyage sana. Nani anakanyaga hivyo kati ya Himo na Marangu, penye kona, matuta, bodaboda na watoto wa shule? Utapanda na gia ya pili na ya tatu, injini ikizunguka mara elfu tatu kwa dakika, na hapo ekzosi mpya na ya zamani ni ndugu.

Kuna msemo wa gereji kwamba injini "inahitaji presha ya nyuma". Haiihitaji hata kidogo. Inachohitaji ni mwendo wa gesi. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba, na likifika mahali bomba linapopanuka au kuungana na jingine, sehemu yake hurudi ikiwa wimbi la mvuto. Likirudi kwa wakati, hunyonya mabaki ya moshi kwenye silinda na kuivutia hewa mpya. Urefu na upana wa mabomba ya karibu na injini vilipigiwa hesabu hiyo. Fundi anayekuchomelea bomba pana kuanzia mbele mpaka nyuma anapunguza mwendo wa gesi, na gari linapoteza nguvu ya chini, ambayo ndiyo unayoitaka mlimani. Halafu linapiga kelele kubwa, na mwenye gari anaamini limeongezeka nguvu kwa sababu masikio yamemwambia hivyo.

Mwenye turbo ana hesabu nyingine. Forester XT, Legacy GT na Impreza WRX zinapendwa huku kwetu kwa sababu ya haki kabisa: turbo huisukuma hewa nyembamba mpaka ikaribie unene wa hewa ya pwani. Ila inaifanyia kazi. Tuseme kompyuta ya injini inataka kilopaskali 200 kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Dar, turbo huzidisha hewa ya nje mara mbili. Langoni Marangu inabidi iizidishe karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi.

Turbo inazungushwa na moshi, na nguvu inayoizungusha ni tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya feni yake ya upande wa ekzosi. Punguza upinzani baada ya feni, na turbo itaamka mapema. Hapa ndipo ekzosi pana ina maana halisi, na dereva ataisikia tofauti akitoka kwenye kona ya kupanda. Lakini sehemu inayobana zaidi ni ile fupi inayoshuka kutoka kwenye turbo, pamoja na masega yake. Sailensa ya nyuma inachangia kidogo tu.

Hatari nayo iko hapo hapo. Turbo ina kilango kinachopitisha moshi pembeni ya feni ili presha isizidi. Ukifungua ekzosi yote, kilango kile kinaweza kuzidiwa, presha ikapanda kupita mpango. Gari likiwa na bahati, kompyuta inakata mafuta, na linashtuka ghafla utadhani limegongwa kwa nyuma. Lisipokuwa na bahati, injini inaanza kugonga kwa ndani, na pistoni za injini za Subaru za familia ya EJ hazina uvumilivu wa kugonga. Zinapasuka kwenye mifereji ya ringi. Tukumbuke pia kwamba injini hizi zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani 96 kwenda juu, na tunayojaza kwenye vituo vyetu kwa kawaida iko chini ya hapo. Kwa hiyo msimamo wangu hauna kona. Sailensa ya nyuma ya kiwandani, funga bila kugusa kompyuta. Ilipimwa kwa ajili ya mpangilio huo huo. Bomba la kutoka kwenye turbo, usiguse mpaka umempata mtu wa kupanga upya kompyuta akiwa na vipimo mkononi, na si mtu wa "nitaisikiliza tu".

Wengi, ukiwabana, wanakiri wanachotaka ni mlio. Si dhambi. Ila mlio wenyewe una siri ambayo wauzaji hawaisemi. Ule mngurumo wa Subaru wa kukoroma kwa kupishana, tuliousikia wakati Colin McRae akishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, hautokani na sailensa. Unatokana na manifodi ya kutolea moshi: injini ina silinda mbili kushoto na mbili kulia, na mabomba ya pande hizo hayalingani urefu, hivyo mapigo ya moshi yanafika kwenye bomba kuu bila mpangilio sawa. Forester XT ya SG5 inao. Legacy GT ya BP5, iliyotoka 2003, haina. Manifodi yake ina mabomba yanayolingana, na turbo ina njia mbili za kuingizia moshi. Ukiifunga sailensa ya STI utapata sauti nzito, tulivu, nzuri kwa maoni yangu, lakini ya McRae hutaisikia. Nimeona watu wakidai warudishiwe pesa kwa sababu hiyo, na muuzaji hakuwa na kosa.

Kwa nini basi ulipie nembo ya kiwanda? STI waliuza sailensa zao kwa jina la Genome, Toyota wana TRD, Nissan wana Nismo, na wenye Honda hutafuta Mugen. Unacholipia ni kwamba kitu kinaingia kwenye ning'inizo zilezile, flanji inakutana na flanji, bomba halitagusa ekseli gari likiwa na watu watano na mikungu ya ndizi kwenye buti, na kelele zilipimwa kwa sheria za Japani.

Nyingi zinazofika hapa ni za mtumba, kutoka Gerezani au Ilala. Usipime kwa sumaku. Wauzaji wanapenda kukuonyesha kwamba sumaku hainati, kwa hiyo ni stenlesi halisi, lakini viwanda hutumia sana aina ya stenlesi inayonata, na ni nzuri tu. Itikise: ikilia ndani, kuta zimeachia. Pitisha kidole kwenye mshono wa chini, ndipo inapoanzia kuoza. Tazama kibati cha namba kama kimechomelewa kiwandani au kimebandikwa juzi.

Kuhusu masega nitasema kwa ukali kidogo. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko, na kuna gereji zinazokushauri yatolewe "gari lipumue" huku zikijua yataenda wapi. Ukiyatoa, taa ya injini itawaka, moshi utanuka, na sumu ambayo ingesafishwa inabaki kwa watu walio nyuma yako. Kama yameziba kweli, fundi atapima presha mbele ya masega kabla ya kukata chochote. Ukikabidhi ekzosi ya zamani, hesabu vipande vyote ulivyoacha.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Injini iwe baridi, gari liwe juu ya stendi na si jeki peke yake. Bolti za Subaru zilizokaa miaka kumi na tano zimeungana na nati zake. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, usizilazimishe, maana moja ikikatikia kwenye flanji utatoboa kwa drili hadi jioni. Mipira ya kuning'inizia inatoka kwa maji ya sabuni, na iliyopasuka ibadilishwe. Gasketi iwe mpya kila kiungo, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Pandisha bomba, ingiza bolti zote kwa mkono tu, kisha sogeza hadi mdomo ukae katikati ya bampa na vidole viwili vipite pande zote. Hapo ndipo ukaze, ukianzia mbele kwenda nyuma. Anayekaza kiungo kimoja kimoja anapoenda ndiye ambaye bomba lake litagonga chini kila tuta.

Washa, mtu mwingine azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache tu kabla halijapata moto, wewe sikiliza chini. Kukiwa na mlio wa hewa inayopenya, kuna mahali panavuja. Uvujaji wa chini ya sakafu si suala la kelele: moshi wa petroli una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na huku juu watu hufunga vioo kwa baridi. Moshi mwembamba wa mafuta dakika kumi za kwanza ni wa kawaida. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda na kurudi mlimani, acha ipoe, ukaze tena.

Wateja wa Marangu na Machame huniuliza sana kuhusu maji yanayodondoka kwenye sailensa asubuhi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Bomba likiwa moto yanatoka kama mvuke. Likiwa baridi yanabaki ndani. Ndiyo maana sailensa nyingi zina kitundu kidogo chini yake, kilichowekwa makusudi. Nimekuta vitundu hivyo vimezibwa na mafundi waliodhani wanaziba uvujaji, na miaka miwili baadaye sailensa imeoza kutoka ndani. Gari linalokwenda dukani na kurudi tu, bila kupata moto, huoza mapema kuliko linalokwenda Arusha kila wiki.

Na kelele. Japani, kwa magari ya abiria ya kizazi cha haya tunayozungumzia, yenye injini mbele, kikomo ni desibeli 96, kipimo kikiwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba. Sisi tuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na trafiki ana masikio. Sailensa ya kiwandani iliyo nzima haitakuletea shida barabara ya hospitali ya KCMC mchana. Shida iko saa kumi na moja alfajiri kihambani, nyumba ya jirani ikiwa ng'ambo ya migomba, kwa sababu injini ya baridi huzunguka kwa kasi ili ipate joto, na hapo ndipo sailensa ya michezo inaposikika zaidi. Usikae ukikanyaga mafuta eti unaipasha. Subiri nusu dakika oili ipande, ondoka polepole na gia ndogo bila kuzidisha mizunguko elfu mbili na mia tano. Injini hupata moto haraka zaidi ikiwa kazini kuliko ikiwa imesimama, na maji yaliyolala kwenye sailensa yanakauka.