Presha ya Waja Wazito na Tezi ya Shingo

Wanachama wenzetu, wapo kati yetu wenye mabinti walioolewa Arusha, na binti akishika mimba mbali na kwao hapungukiwi na washauri. Shauri moja hatulikubali: kwamba mja mzito mwenye presha anyimwe chumvi kabisa.

Tezi iliyo mbele ya koo hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazouendesha mwili. Mtu mzima hutoshewa na maikrogramu 150 kwa siku. Mja mzito ahitaji 250, kwani katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za mamaye. Milimani mvua huyaosha madini hayo udongoni, ndiyo maana nyanda za juu za bara zajulikana tangu zamani kwa rovu. Maji ya upande wa Mlima Meru yana floridi nyingi, hata meno ya watu hugeuka rangi ya kahawia. Lakini floridi ni kitu kingine, haishiki nafasi ya madini joto.

Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20, na protini ikaonekana katika mkojo, kifafa cha mimba kinanyemelea. Protini ikitoka hutoka na sehemu ya homoni za tezi, na waganga wakipima damu ya wanawake hawa mara nyingi hukuta tezi imelegea. Tezi iliyolegea nayo huweza kupandisha presha.

Basi chumvi ndiyo chombo kinachobeba madini joto. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba kupunguza chumvi si njia ya kuzuia kifafa cha mimba. Hatusemi aifakamie, ale kiasi, na iwe yenye madini joto. Wala sisi wa visiwani tusijitape kwa samaki: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulikuta upungufu kwetu, Pemba kuliko Unguja, na chumvi ya mashambani mwetu ilikuwa haijatiwa madini hayo.

Kichwa kikimuuma sana, macho yakiona maluweluwe, au akipata maumivu chini ya kifua, apelekwe hospitali saa ile ile, akapimwe presha na mkojo na kupewa sindano ya magnesi salfeti ikihitajika. Kipimo cha tezi kitafuata, hasa shingo ikiwa imevimba.

Chumvi yenyewe iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.